Kabla Hujakopa Hela ya Kipimo cha Jeni

Leo tunaongea choo. Choo chenyewe: kinatoka mara ngapi kwa siku, kina damu au hakina, kinakuamsha usiku au kinakuacha ulale. Aliye mezani anakula amalize kwanza, kisha arudi tukae.

Aliyenifanya niandike ni binti mmoja wa miaka 24. Barua yake ni ndefu na nimeisoma yote. Anaharisha miezi sasa, inapoa, inarudi. Duka la dawa walimpa Flagyl. Zahanati wakampima taifodi, wakasema anayo, akachomwa sindano. Kwingine wakamwambia amiba, kwingine vidonda vya tumbo, na alipotaja damu akaambiwa hiyo bawasiri, apake dawa itaondoka. Amepungua hadi sketi za kazini anazibana kiunoni kwa pini. Mtaani wameshaanza minong'ono, na wote tunajua mtaa unanong'ona nini msichana akikonda. Sasa amesoma kwenye simu kwamba kuna kipimo cha damu kinachosoma jeni na kueleza kama mtu ana ugonjwa wa kuvimba utumbo. Swali lake: "Dada, nikope kwenye kikoba damu yangu ipelekwe nje?"

Usikope, mdogo wangu. Sayansi unayoisikia ni ya kweli, nami naifuatilia kwa hamu. Lakini haijafika pa kukuambia wewe, wiki hii, unaumwa nini. Hela hiyohiyo ina kazi nyingine kwenye tumbo lako, na kazi hiyo haipaswi kusubiri. Nitakueleza sababu, maana sitaki unitii tu kwa kuwa nimekutangulia kuzaliwa. Nataka siku akija mtu kukuuzia kipimo hicho uweze kumuuliza maswali hadi aridhike kuondoka.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita IBD, na chini ya jina hilo kuna magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda. Huanzia puruni, pale mwisho kabisa, na kupanda juu kwenye utumbo mpana bila kuruka mahali, ukichubua ngozi ya ndani na kutoa damu na ute. Daktari Samuel Wilks aliueleza London tangu mwaka 1859. La pili ni ugonjwa wa Crohn, uliochukua jina la Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932 aliandika juu yake pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa Hospitali ya Mount Sinai, New York. Huu unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Unashika hapa, unaruka pale, na unachimba ukuta wa utumbo kutoka ndani hadi nje. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupata kijitundu kinachotoa usaha karibu na njia ya haja, na wengine utumbo hubana hadi chakula kinashindwa kupita.

Yote mawili yanatokana na kinga ya mwili kuushambulia utumbo na kukataa kutulia. Hayaambukizi. Hujayapata kwa kula pilipili, wala kwa kurogwa, wala kwa msongo wa mawazo peke yake. Na mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 35, na hapa ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu ndio umri wa mitihani, wa kazi ya kwanza, wa uchumba, umri ambao mtu yuko tayari kuvumilia chochote kuliko kumwambia daktari kijana wa kiume kwamba anatokwa damu chooni.

Sasa twende kwenye jeni. Wengi wetu tukisikia vinasaba tunafikiri Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za mtoto wa nani. Kile ni kipimo cha kusoma ulichorithi, na ulichorithi hakibadiliki: ulichozaliwa nacho ndicho utakachozikwa nacho. Kwenye IBD vipo vya kurithi pia. Mwaka 2001 iligunduliwa jeni ya kwanza iliyofungamana na ugonjwa wa Crohn, inaitwa NOD2, na tangu hapo yamepatikana maeneo zaidi ya 200 kwenye vinasaba yanayomwongezea mtu uwezekano wa kuugua. Lakini kuongeza uwezekano si kuugua. Wapo wengi wenye NOD2 iliyobadilika ambao matumbo yao hayana neno hadi uzeeni. Tena mabadiliko yale ya NOD2 yanaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwetu ni adimu. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo cha kurithi ili akuambie kama una Crohn, mwache apite.

Kipimo ulichosoma wewe ni kingine. Hiki hakiulizi umerithi nini, kinauliza jeni zipi zinafanya kazi sasa hivi. Fikiria sanduku la kanga. Kila seli ya mwili wako imepewa sanduku lilelile, lenye kanga zote. Lakini haivai zote. Ni kama mwanamke: siku ya harusi atatoa ya shangwe, siku ya msiba atajitanda ya msiba. Ukitaka kujua nyumbani kwake kuna nini leo, hupekui sanduku, unaangalia amevaa nini. Seli nyeupe za damu zinapopita kwenye utumbo unaowaka, jeni fulani zinaamka na nyingine zinanyamaza, na kila jeni iliyoamka inatoa jumbe za RNA. Wataalamu wanahesabu jumbe hizo.

Uchukuaji wa damu yenyewe una mambo yake. Si ile chupa ya kifuniko cha zambarau wanayotumia kwa picha kamili ya damu. RNA inaharibika upesi sana, na seli zikishatoka mwilini zinaanza kubadilika papo hapo kwenye chupa. Kwa hiyo kuna chupa maalumu yenye maji ya dawa tayari ndani yake. Damu, mililita 2.5 tu, inaingia, nesi anaipindua chupa taratibu mara 8 hadi 10 ili dawa ipasue seli na kuzigandisha jumbe zilivyo, kisha inaachwa saa 2 au zaidi kwenye joto la chumba ndipo igandishwe. Sasa niambie, damu iliyokaa kwenye chupa ya kawaida, ikafungwa kwenye boksi, ikapanda basi kisha ndege, itafika na jumbe za nani? Hili pekee lingetosha kukufanya umuulize muuzaji anachukulia damu kwenye chupa gani.

Tuendelee, kwa sababu kuna wanaofanya kazi hii vizuri na wanastahili heshima. Mwaka 2006 ilichapishwa kazi iliyolinganisha seli za damu za wagonjwa wa Crohn, wagonjwa wa kolaitisi na watu wazima wenye afya, na tofauti zikaonekana. Mwaka 2011 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichambua aina moja ya seli za kinga, zinaitwa seli T za CD8, wakaona wagonjwa wanagawanyika makundi mawili kwa jinsi jeni zao zinavyofanya kazi. Kundi moja, ugonjwa ulirudi mara kwa mara na kuhitaji dawa kali. La pili, ulitulia. Mwaka 2019 wakakifanya kiwe kipimo rahisi: jeni 17 kutoka kwenye damu nzima, bila kuchambua seli moja moja. Watu wengi walifurahi, nami mmoja wao. Hebu fikiri, mgonjwa anagundulika leo, anatoa damu, anaambiwa wewe wako ni mkali, tuanze na dawa nzito, au wewe wako mpole, tusikubebeshe mzigo.

Ila walifanya jambo ambalo wauzaji wengi hawalifanyi. Walikipeleka kwenye jaribio la haki. Liliitwa PROFILE, likachukua wagonjwa 386 wa Uingereza waliogundulika na Crohn karibuni tu. Wote walipimwa damu. Nusu wakaanza kwa mtindo wa zamani, wa kuanza na steroidi na kupanda ngazi ugonjwa ukirudi. Nusu wakapewa mara moja dripu ya infliksimabu pamoja na dawa ya kidonge ya kutuliza kinga. Matokeo yalitoka mwaka 2024. Kipimo cha jeni hakikusaidia kuchagua nani apewe nini. Waliopimwa "mkali" na waliopimwa "mpole" walinufaika sawa na dawa ileile. Lakini ona kilichojitokeza pembeni yake: walioanza na dawa nzito mapema, asilimia 79 walifika mwaka mmoja wakiwa wametulia, bila steroidi na bila kisu. Walioanza taratibu walikuwa asilimia 15. Matatizo yaliyoishia kwenye upasuaji wa tumbo yalikuwa 10 upande wa taratibu na 1 upande wa mapema.

Nakuomba ukae na namba hizo kidogo. Hawa walikuwa watu waliogundulika mapema na kutibiwa mapema. Jeni hazikuwatofautisha, kuanza dawa nzito mapema ndiko kulikowaokoa. Wewe umeshapoteza miezi kwa taifodi ambayo huenda hukuwa nayo. Kila mwezi unaokusanya hela ya kupeleka damu nje, utumbo hausimami kukusubiri.

Na kuna sababu ya pili ya kukukataza, inayotuhusu zaidi sisi wa huku. Turudi kwenye kanga. Ukiona wanawake wamejitanda wanaelekea nyumba fulani, unajua kuna msiba, lakini hujui nani kafa. Damu iko hivyohivyo. Jeni nyingi zinazoamka kwenye IBD ni jeni za kuwaka kwa mwili kwa jumla, na mwili unawaka kwa mambo mengi: malaria, nimonia, jipu, kifua kikuu. Seli nyeupe zikiongezeka tu kwa sababu yoyote, jumbe zao zinaongezeka. Ukimeza steroidi kama prednisolone, zinabadilika tena. Wagonjwa wa zile tafiti za mwanzo walikuwa Ulaya na Marekani, mahali ambapo mtu anayeharisha damu hana haja ya kuanza kufikiriwa kichocho. Weka kipimo hicho Ukerewe au Homa Bay, pembeni mwa Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo kipo tangu bibi zetu, kisha uniambie jibu linamaanisha nini.

Kifua kikuu, yaani TB, ndicho kinanitisha zaidi. Kinaweza kukaa tumboni bila kikohozi chochote, kikapenda palepale panapopendwa na Crohn, yaani mwisho wa utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Mgonjwa anakonda, ana homa za jioni, tumbo linauma, wakati mwingine anaharisha. Daktari mzoefu akipitisha kamera ndani ya utumbo anaweza kushindwa kuyatofautisha kwa macho. Na kifua kikuu nacho kina alama zake za jeni kwenye damu: mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi London na Afrika Kusini walionyesha jumbe 393 za RNA zinazoonekana kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na baadaye wengine wakazipunguza hadi jeni 3 tu. Msichanganye hiki na GeneXpert ya kawaida iliyopo kwenye kliniki zetu za TB, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Ile inatafuta vinasaba vya bakteria mwenyewe, haisomi jeni za mgonjwa. Kwa hiyo GeneXpert ikimkuta bakteria, imemkuta.

Kwa nini nahangaika na tofauti hii? Kwa sababu dawa ya mmoja ni hatari kwa mwingine. Mwaka 2001, miaka michache baada ya infliksimabu kuanza kutumika, jarida moja kubwa la tiba Marekani lilichapisha taarifa za wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kupewa dawa hiyo. Tangu hapo hakuna daktari makini anayeianzisha bila kupima kwanza kama kuna TB iliyolala. Steroidi nazo hivyohivyo. Prednisolone inayouzwa dukani bila cheti itakufanya ujisikie vizuri wiki mbili, tumbo linyamaze, hamu ya kula irudi, na ndani TB iwe inatambaa. Au minyoo ya strongiloidi, ambayo ikikutana na steroidi husambaa mwili mzima na huua. Kama umeshaanza kuimeza, usiikate ghafla pia, kamwambie daktari umemeza kiasi gani na kwa muda gani. Usifiche. Daktari aliyefichwa hili atasoma vipimo vyako vibaya.

Basi hela ya kikoba tuifanyeje.

Kwanza choo, na narudia, choo. Si kile cha kupimwa mara moja asubuhi ukaambiwa amiba. Omba kipimwe kwa hadubini zaidi ya mara moja, siku tofauti, wakitafuta mayai ya kichocho na minyoo, na kioteshwe kuona bakteria. Pima na VVU, nawe uwe wa kwanza kuliomba kabla mtaa haujakuombea. Damu yako ya kawaida ina mengi ya kusema kwa bei ndogo: picha kamili ya damu itaonyesha kama umepungukiwa damu na kama chembe sahani zimepanda, na kipimo cha CRP kitaonyesha kama mwili unawaka. Ila CRP ikiwa sawa usijipongeze mapema, maana kolaitisi ya vidonda inaweza kuwapo na CRP ikatulia.

Kisha kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa dhati, na ningetamani kila hospitali ya rufaa iwe nacho: kalprotektini ya choo. Kalprotektini ni protini iliyojaa ndani ya neutrofili, zile seli nyeupe zinazokimbilia mahali penye moto. Magne Fagerhol na wenzake wa Norway waliitenga mwaka 1980. Utumbo ukiwaka, neutrofili zinavuka ukuta na kumwagikia ndani, na protini yao inatoka na choo. Inavumilia bila kuoza upesi kama RNA, kwa hiyo kikopo kinaweza kusafiri. Na sasa sikiliza hili: protini hiyo inatengenezwa na jeni mbili, S100A8 na S100A9, ambazo ni kati ya zile zile zinazoonekana zimeamka kwenye damu ya wagonjwa wa IBD. Ile sayansi uliyotaka kuikimbilia ng'ambo, tunda lake mojawapo linapimika kwenye kikopo cha choo, tena limeokotwa penye tatizo lenyewe, si kwenye damu iliyopita mwili mzima.

Majibu yake: chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo, utumbo hauna moto wa kutisha, na huenda tatizo ni tumbo lenye usumbufu, lile linaloitwa IBS, ambalo linasumbua kweli lakini haliharibu utumbo. Zaidi ya 250, kuna moto, tafuta kamera. Katikati ya hapo, mara nyingi hurudiwa baada ya wiki chache. Uingereza waliipitisha mwaka 2013 itumike kuwachuja wenye IBS na wenye IBD, ili wasio na haja ya kamera wasisumbuliwe. Lakini nayo haitaji jina la ugonjwa. Amiba na bakteria huipandisha, diclofenac na ibuprofen huipandisha. Kwa hiyo kama una mazoea ya kumeza diclofenac kila maumivu ya mwezi yakibisha hodi, mwambie daktari, na muulize dawa mbadala, kwani dawa hizo zinaweza pia kuuchochea ugonjwa wenyewe.

Mwisho wa safari ni kamera, na hapa ndipo hela nyingi ziende. Najua unaogopa. Siku moja kabla utakula vitu vya majimaji tu na kunywa dawa ya kusafisha tumbo, nyingi, yenye ladha usiyoipenda. Inywe yote. Utumbo usiposafishika daktari haoni, na utalipa tena. Kaa karibu na choo, nunua tishu laini na mafuta ya mgando. Siku yenyewe wengi hupewa dawa ya usingizi mwepesi, hivyo nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Kabla hujalala kitandani, muulize daktari mambo haya kwa adabu bila kuogopa. Je, ataingiza kamera hadi mwisho wa utumbo mwembamba, au ataishia kwenye utumbo mpana? Crohn na TB hupenda kujificha hapo mwisho. Je, atachukua vinyama sehemu kadhaa, hata panapoonekana pazima? Mtaalamu wa patholojia huona kwenye hadubini yasiyoonekana kwa jicho. Na kinyama kimoja kinaweza kupelekwa GeneXpert? Ukitoka, dai ripoti ya maandishi na picha, uviweke kwenye bahasha yako. Utahamia mji mwingine, utabadili daktari, na bahasha hiyo itakusemea.

Nimetaja bawasiri huko juu, naomba niseme jambo. Bawasiri ipo, na inatoa damu nyekundu mbichi mwishoni mwa choo au kwenye karatasi. Lakini bawasiri haikuharishi miezi. Haikuamshi saa 9 usiku kukimbilia chooni. Haikukondeshi, haikuletei homa, haikuvimbishi magoti wala kukuwekea macho mekundu yanayouma mwangani. Damu iliyochanganyika na choo na ute, pamoja na lolote kati ya hayo, haistahili kupakwa dawa ya bawasiri bila mtu kuangalia ndani. Na kama kwenye ukoo kuna mwenye saratani ya utumbo, au umri umepita miaka 50, usingoje hata kalprotektini.

Kuna siku ambayo hupangi miadi, unakwenda hospitali hapo hapo. Tangu mwaka 1955 Truelove na Witts wa Oxford walituachia kipimo cha kutambua kolaitisi iliyopamba moto, na bado kinatumika: choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa, au moyo unaokwenda zaidi ya mapigo 90 kwa dakika, au damu iliyopungua sana. Tumbo likivimba na kuwa gumu, ndiyo zaidi. Siku hiyo usimeze dawa ya kufunga tumbo. Utumbo uliovimba hivyo ukifungwa kwa nguvu unaweza kupanuka hadi kupasuka.

Nina barua nyingine fupi, kutoka kwa dada anayeishi Leicester, Uingereza. Yeye amegundulika na Crohn mwaka huu, na kliniki imemwomba atoe damu kwa utafiti wa jeni. Mama yake, kwa simu kutoka Tanga, amemkataza: damu ya mtu haitolewi ovyo.

Shikamoo nyingi kwa mama, na wasiwasi wake naujua ulikotoka. Lakini mimi ningekuambia toa, ukiwa macho. Nimegusia hapo juu kwamba sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu jeni za IBD imetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kipimo kikitengenezwa kwa damu ya watu wa aina moja, siku kikiletwa Tanga kitasoma vibaya damu ya wajukuu wa mama. Hakuna njia ya kulirekebisha hilo bila watu kama wewe kuwamo. Na PROFILE imekuonyesha faida ya utafiti wa haki hata pale kipimo kinaposhindwa: jibu la dawa likapatikana.

Ila soma karatasi ya ridhaa, yote. Uliza damu yako itahifadhiwa miaka mingapi, na kama jina lako litaondolewa. Uliza kama kampuni itaruhusiwa kuitumia. Uliza kama wakigundua jambo la kuhusu afya yako watakuambia, na kama ukibadili mawazo unaweza kujitoa bila matibabu yako kuguswa. Majibu mwandikie mama kwa Kiswahili chepesi, apige simu tena akiwa ameyasoma. Na umwombe nesi damu hiyo ya utafiti aichukue siku ileile unayopimwa damu ya kliniki, kwa sindano ileile, akubadilishie chupa tu, ili uchomwe mara moja.